Theluji ya Shamba la Mama Mdogo

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Kolumba, na pale msibani, mjini Morogoro, ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na Bi Mwajuma wa Dakawa, mwanamke ambaye sauti yake naijua kuliko ya baadhi ya ndugu zangu. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine, amejitanda khanga, akaomba maji ya kunywa, nami nikageuka kabla hata hajamaliza kusema. Nilimwendea nikamwamkia, nikamwambia mimi ni Tekla, yule wa mgahawani kule Mgeta. Akanikumbatia, akalia, halafu, machozi hayajakauka vizuri, akachomoa simu kwenye pindo la khanga na kunionyesha picha. Ilikuwa ya shamba jeupe pe, kila jani limevikwa barafu, na nyuma yake mnara wa kanisa umesimama kwenye ukungu. "Unaikumbuka, mwanangu? Theluji ya Uluguru. Nimebadili simu sijui ngapi, lakini hii haijawahi kunipotea. Siku ile nilifurahi mpaka mume wangu akaniuliza kama nina homa." Nikasema ndiyo, mama, naikumbuka. Ukweli wenyewe ningeanzia wapi, na ungemsaidia nani? Yule mama amelima mpunga kwenye joto la Dakawa maisha yake yote, na furaha aliyonayo ni ile picha. Lakini haikuwa theluji, na mimi nilikuwapo, na tangu msiba ule nimekuwa nikiuota mgahawa ule usiku.

Mwaka wa picha ile nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Jinsi nilivyofika kwa Mama Mdogo Skola, kijiji cha misheni juu kabisa huko Mgeta, ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Itoshe kusema kwamba mimi sikuwa na pengine pa kwenda, na yeye alikuwa na kitanda cha ziada, maana mumewe alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka uleule. Alikuwa na mgahawa wa chumba kimoja kando ya barabara ya sokoni. Meza zilikuwa mbili, moja inayumba, na wateja wa siku nyingi walijua kuiwekea goti wakati wa kunywa chai. Jiko la kuni lilikuwa ndani kwa ndani, kwa hiyo kila mtu alitoka pale akinuka moshi wa mkaratusi, na asubuhi za Juni watu walikuja kwa ajili ya huo moto kuliko chai. Tulipika chai ya tangawizi, maandazi, maharage, na viazi vya kuchemsha ambavyo Mama Mdogo alivimwaga mezani pamoja na kibakuli cha chumvi na pilipili, kila mtu amenye mwenyewe. Dirisha la upande wa bondeni lilikuwa na sifa yake: ndipo mahali pekee kijijini ambapo mtandao ulishika. Mtu akitaka kuongea na mwanawe Dar es Salaam alikuja kusimama dirishani, na sisi sote tukawa tunajua mambo ya wanawe.

Kwa sababu ya dirisha hilo mgahawa ukawa makao ya watu wa hali ya hewa. Mwalimu Kolumba alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, mrefu, mwembamba, koti la mtumba limemfika magotini. Alikuwa na simu iliyopasuka kioo, na ndani yake kundi la watu wanaopenda mvua, upepo na mawingu jinsi wengine wanavyopenda mpira. Walikuwa wengi, lakini wasemaji walikuwa watatu: yeye mwenyewe, Bi Mwajuma wa Dakawa, na Shabani, kijana wa stesheni ya Kisaki, ambaye treni zikichelewa alikuwa hana la kufanya ila kutazama anga. Hawakuwa waandishi wa ujumbe, walituma sauti. Mwalimu aliziweka kwa sauti ya juu ili na sisi tufaidi, kwa hiyo nilikuwa naosha vikombe huku Shabani akitokwa jasho Kisaki na kutuelezea jasho lenyewe. Na mazungumzo yao, kila baridi ilipoingia, yalirudi palepale: je, theluji inaweza kuanguka Uluguru? Mwalimu alikuwa hajawahi kuiona theluji isipokuwa ile ya Kilimanjaro, kwa mbali, akiwa kwenye basi, tena upande wa dirisha alikuwa amekaa mtu mwingine. Alitaka kabla ya kufa imwangukie mkononi. Alilisema hilo bila haya, akiwa na andazi mdomoni.

"Mkishaipata hiyo theluji," Mama Mdogo alimuuliza siku moja, "mtaila na nini?"

"Dada Skola, si kila kitu cha kula."

"Kumbe. Basi andazi hilo rudisha."

Ndivyo walivyokuwa. Yeye alimdhihaki, Mwalimu akacheka kuliko wote, na kesho yake akarudi na habari mpya za upepo wa kusi. Lakini Mama Mdogo alikuwa na sababu ya kutoipenda baridi, na sababu hiyo kila mtu mle ndani aliijua. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata mama. Shamba la bondeni, ambalo Mama Mdogo alilichimba tangu alipoolewa, lilikuwa la ukoo wa mumewe. Mume akishafariki shamba linarudi kwao, kwa watoto wa dada zake, na hakuna anayeona kuwa ni dhuluma. Hata kwao yeye ardhi ilifuata njia hiyohiyo. Arobaini ilipokwisha, ukoo ulikaa, na Festo, mpwa wa marehemu, akaja kumpa majibu akiwa ameshika kofia mkononi. Walikuwa wamemwachia zao moja. Apande, avune, halafu aondoke. Ruhusa ilikuwa ya zao lile, siyo ya shamba. Ndugu zake mwenyewe walikuwa wamemwonyesha kipande juu karibu na msitu, chenye mawe na magugu, lakini chake. Alichokosa ni mbegu. Kwa hiyo akapanda viazi bonde zima, mbegu yote aliyokuwa nayo, hakubakiza hata debe la kupika, na kwa miezi ile tuliyangoja mavuno hayo sisi wawili kama watu wanaongoja gari. Yakitoka vizuri, anapata mbegu ya kutosha kuanza maisha juu kule. Yasipotoka, anabaki na mawe.

Baridi ya mwaka ule ilianza kama ya miaka mingine, ukungu mpaka mchana, nguo hazikauki, watoto wa shule wanatembea mikono kwapani. Halafu katikati ya Julai ukungu ukaondoka. Mgeni angefurahi: anga safi, jua kali, milima yote inaonekana mpaka uwanda wa juu wa Lukwangule. Wazee hawakufurahi. Usiku ulipoingia bila wingu hata moja, baridi ilishuka ikakaa bondeni na haikuondoka, na asubuhi moja mchunga mbuzi mmoja akaja mgahawani akiwa ameshika kipande cha barafu alichokiokota kwenye dimbwi huko juu. Alikiweka mezani. Watu walikizunguka wakikitazama kinavyoyeyuka, wakakigusa kwa kidole. Siku ile kundi lilipandisha mori. Shabani alisema sasa imefika, Lukwangule ni juu, barafu ipo, kilichobaki ni mvua tu. Mwalimu akamjibu huku anatembea huku na huko baina ya meza zile mbili.

"Sikiliza, Shabani. Theluji inataka vitu viwili, baridi na wingu. Kwetu wingu likija, baridi inapungua, maana wingu ni blanketi. Wingu likiondoka, baridi inakuja, lakini hakuna cha kuanguka. Havikutani. Nimevingoja maisha yangu yote, havikutani."

"Kwa hiyo uwezekano ni sifuri, Mwalimu?" Sauti ya Shabani ilikuwa ya mtu aliyenyimwa.

"Sijasema sifuri."

Kisha Bi Mwajuma, taratibu, kuku wanasikika nyuma yake: "Mimi naomba Mungu tu jamani. Hata kidogo. Hata ya kujaza kiganja."

Mama Mdogo alikuwa anakanda unga. Hakuinua uso. Alisema, si kwa ukali, "Mwambieni huyo mama aombee kwao Dakawa," na wote tulimwelewa, maana viazi vyake vilikuwa ndiyo kwanza vinatoa maua, na shamba liko chini kabisa ya bonde, pale baridi inapokwenda kulala. Mwalimu aliona aibu, niliiona usoni pake. Akazima simu, akakaa, akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba kweli, dada Skola, hili ni jambo la kufikiri. Namheshimu kwa hilo mpaka leo. Siku iliyofuata hakuuliza tena kundi kuhusu theluji; aliuliza namna ya kuokoa viazi. Watu waliokuwa wakibishana juu ya kitu cha kupendeza wakajikuta wamebebeshwa shamba la mjane, nao wakalibeba kwa moyo wote. Mmoja akasema moshi. Tukachoma majani mabichi kandokando ya shamba, moshi ukapanda ukaenda zake kwa Mungu, kikohozi kikabaki kwetu. Mwingine akasema kufunika kwa nyasi, lakini ungefunika bonde zima kwa nyasi za wapi? Ndipo Shabani akaleta habari ya maji. Alikuwa amesikia kwamba huko nchi za baridi wenye matunda huyamwagia maji usiku kucha, maji yanaganda juu ya jani, na barafu ile yenyewe ndiyo inayolilinda jani lisiungue. Tulimcheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa na lile wazo mpaka chai yake ikapoa, akachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, na mwisho akasema inaingia akilini, maji yakiganda yanatoa joto lake, joto linabaki kwa jani.

Maji tulikuwa nayo. Kule kwetu watu huvuta maji kwa mipira kutoka kwenye vijito vya juu, yanashuka yenyewe, na mwisho wa mpira mtu anafunga kichwa cha kuzungusha, maji yanarushwa shamba lote. Mpira mkuu ni mmoja na mashamba ni mengi, kwa hiyo kuna zamu, na zamu zina mzee wake. Wetu alikuwa Mzee Gaspari, mtu mpole asiyekwenda popote bila panga, ambaye hata padri aliwahi kumwomba maji nje ya zamu akamwambia Baba, subiri. Zamu ya usiku huanza kengele ya jioni ya misheni na kwisha kengele ya asubuhi. Haikuandikwa popote, lakini kwa zamu hizo kijiji chote kilikula bila kugombana, na wenzetu wa bonde la pili waliopuuza zamu zao walifikia kukatana mapanga. Mwalimu alikwenda kwa Gaspari. Kwa bahati usiku huo ulikuwa wa Mama Mdogo kihalali. Hakuna aliyeombwa upendeleo wowote.

Nilishuka na Mama Mdogo shambani alfajiri. Sijapata kuona kitu kizuri vile, na nasema hivyo nikijua kilichofuata. Maji yalikuwa bado yanazunguka, tik, tik, tik, na kila jani la kiazi lilikuwa ndani ya barafu safi, kijani kinaonekana ndani yake, na maua meupe yamefungiwa yakiwa mazima. Mama Mdogo alivunja jani moja, akaligandua kwa meno, akaliangalia. Lilikuwa hai. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama mpini wa jembe, akacheka. Tangu mumewe afe nilikuwa sijamsikia akicheka bila kumcheka mtu. Mwalimu akafika na koti lake, akasimama ukingoni mwa shamba, simu mkononi, akasahau hata kupiga picha. Mwishowe alipiga. "Si theluji," alisema, anajisemea mwenyewe, "si theluji hii, lakini tazama." Akapanda haraka mgahawani, dirishani, kuwatumia wenzake.

Kengele ya asubuhi ikalia. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona njia, lakini jua lilikuwa bado. Bondeni kwetu jua huchelewa, linapaswa kwanza kuuvuka mlima. Mzee Gaspari akashuka na panga lake. "Skola, umelalaje? Naona Mungu kasikia." Akainama, akauchomoa mpira, akauelekeza shamba la Beatus, mwenye kabichi, ambaye zamu ilikuwa yake. Kile kichwa kikazunguka mara ya mwisho, kikasimama. Mama Mdogo akasema, "Ahsante sana, mzee wangu." Nakumbuka aliinama kidogo aliposema. Kwetu sote usiku ulikuwa umekwisha, na hatari ilikuwa ya usiku. Tukapanda kwenda kuwasha jiko.

Kumbe saa ile ndiyo ya baridi kuliko zote, ile baina ya kengele na jua. Shabani hakulijua hilo, na nusu ya pili ya habari yake hakuwa ameisikia: maji hayakatwi mpaka jua liyeyushe barafu yote. Yakikatwa kabla, barafu ile iliyokuwa inalinda inageuka, inalinyonya jani joto lililobaki. Mwalimu aliyagundua hayo jioni, kwa kufikiri, baada ya yote kwisha. Asubuhi ile, Beatus angeombwa angetoa zamu yake kwa roho moja. Alilia mbele yangu akisema hivyo, kabichi zenyewe hazikuwa na shida ya maji. Gaspari angekubali, Mama Mdogo angeomba. Lakini nani aombe, na aombe kwa sababu gani, wakati shamba linang'aa na kila mtu anashukuru? Nimewatafuta wa kuwalaumu miaka yote hii, na kila ninayemshika ananiponyoka. Jua lilipofika bondeni barafu ikadondoka vipande vipande, kwa mlio mdogo, na majani yaliyotoka ndani yake yalikuwa yameregea. Kufikia mchana yalikuwa meusi, shamba zima, yananuka kama mboga iliyosahauliwa sufuriani.

Tulikuwa tumekaa mgahawani, Mama Mdogo, Gaspari, Beatus, Mwalimu na mimi, moto umeachwa uzimike. Simu ya Mwalimu ikaanza kulia dirishani alikoiacha. Ililia na kulia. Alinyanyuka kuizima, lakini zile sauti zilikuwa zimepangana, na kidole chake kikagusa pasipotakiwa. Bi Mwajuma akajaa chumba kizima, anacheka, analia, anapiga vigelegele. "Jamani hongereni! Hongereni sana! Mwenyezi Mungu mkubwa! Mwambieni na yule mama mwenye shamba, nampa hongera, kabarikiwa yule!" Mwalimu alikuwa anapapasa kioo kilichopasuka na hakikutii. Mama Mdogo akanyoosha mkono. Akaichukua simu, akaniuliza pa kubonyeza, nikamwonyesha. Nilidhani atasema maneno ambayo hayatafutika. Alisema hivi: "Ahsante, mama. Tumeiona. Siku moja na wewe uje uione." Akairudisha. Mwalimu akatoka nje, na kupitia dirisha tulimwona amesimama ameegemea ukuta, koti lake limefunika uso. Hakuwahi kuwaeleza wenzake. Kundi lilimwuliza juu ya theluji kwa muda, akajibu kwa neno moja moja, kisha akaacha kujibu, na baada ya hapo akawatangazia mvua tu.

Wiki ile ikaisha na Festo akaja. Hakuja kudai, alikuja kutoa pole, lakini alikuja na jembe, kwa sababu msimu haumsubiri mtu na yeye naye alikuwa na watoto. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ingia."

"Mama, mimi kwa moyo wangu ningekuacha upande tena. Lakini wazee wanasema..."

"Najua wanavyosema. Walisema zao moja, na zao ndilo lile." Alivua khanga ya begani akajifunga kiunoni. "Twende tukavune."

Tulishuka wote, hata Mwalimu, hata Gaspari ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulichimba tuta kwa tuta bonde zima, na Festo alichimba kwa bidii kuliko sisi sote, hakutazama mtu machoni. Tulichotoa ni viazi vichanga vya ukubwa wa gololi, ngozi inatoka ukivigusa tu. Mama Mdogo hakuacha hata kimoja ardhini. Alifukua kwa vidole pale jembe lilipopita, akapangusa udongo, akatia kwenye ndoo, na bonde lile lote halikujaza ndoo. Mimi nikaanza kuhesabu kichwani mwangu jinsi tutakavyovitunza kwenye majivu, tuvipande juu kule mvua zikianza, hata kama ni tuta moja la kuanzia, nikamwambia. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa na shamba. "Hivi vitaoza kabla havijachipua, Tekla. Kabandike maji."

Nikabandika. Nilivichemsha na maganda yake, nikavimwaga mezani mbele ya Festo, Gaspari na Mwalimu, nikaweka chumvi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mama Mdogo akachukua cha kwanza, akala, akasukuma lundo lile upande wa Festo, akamwambia ale, baba, ametoka kazini. Wakala. Nami nikala. Baridi ilikuwa imeviingia vikawa vitamu, vitamu kuliko kiazi chochote nilichokula kabla au baada, na tulikula mpaka mbegu yote ikaisha.